Jina la Mjane wa Kisimani

CHAMA CHA WAIGIZAJI WASIOTAJWA, LAS ALBARIZAS, ALMERÍA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI KILICHOFANYIKA JUMANNE, TAREHE 17 FEBRUARI 2004, KATIKA CHUMBA CHA NYUMA CHA DUKA LA MIKATE LA BI. CASILDA GÓNGORA

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Ginés Úbeda – Mwenyekiti (alianguka kutoka juu ya farasi katika filamu kumi na tisa)
2. Bw. Indalecio Capel – Katibu (maiti, filamu thelathini na moja)
3. Bi. Casilda Góngora – Mweka Hazina (mwanamke mwenye bata)
4. Bi. Obdulia Berenguel – Mjumbe (mjane wa kisimani)
5. Bw. Ceferino Oña – Mjumbe (mikono ya mcheza karata, filamu sita)

MWALIKWA
Bi. Visitación Usero, wifi yake Bi. Obdulia (dada wa mume wa Bi. Obdulia). Humsindikiza kila kikao na husaidia kahawa. Si mwanachama, kwa kuwa hajawahi kusimama mbele ya kamera.

WASIOHUDHURIA
Bw. Torcuato Segura, kwa taarifa (nyonga).
Bw. Fulgencio Cazorla, bila taarifa. Katibu alimpita baa akicheza domino, na Bw. Cazorla alimpungia mkono.

KUMB. NA. 1/2004: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi na dakika ishirini alasiri, baada ya wajumbe kumaliza kulalamikia baridi na Bi. Casilda kuwawekea makaa chini ya meza. Aliwakumbusha kwamba chama kilianzishwa mwaka 1982 na watu wa kijiji hiki waliopigwa risasi, walioanguka, walionywesha farasi na kulia mbele ya kamera za wageni, bila jina la hata mmoja wao kuonekana kwenye kioo. Alisema kwamba kwa miaka yote hiyo chama hakijapata barua yenye habari njema, na kwamba leo imefika. Bw. Oña aliuliza kama Mwenyekiti ameisoma barua yote au ameishia kwenye muhuri. Mwenyekiti alijibu kwamba ameisoma yote, mara mbili.

KUMB. NA. 2/2004: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Bw. Oña alipinga neno "alifoka" lililotumika dhidi yake ukurasa wa pili, akataka liandikwe "alieleza". Likabadilishwa. Bw. Oña aliyaeleza hayo kwa sauti iliyosikika hadi dukani. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/2004: BARUA KUHUSU FILAMU "RISASI SABA, KISIMA KIMOJA"
Mwenyekiti alisoma barua kutoka taasisi ya kuhifadhi filamu za zamani. Taasisi hiyo imesafisha upya filamu iliyopigwa hapa kijijini mwezi Agosti 1966, na sasa inataka kuongeza mwishoni majina ya waigizaji ambao hawakutajwa. Kwa upande wetu inaulizia mtu mmoja tu: mwanamke mwenye nguo nyeusi anayesimama kisimani dakika nne nzima bila kusema neno, huku wanaume wenye bunduki wakimsubiri aondoke ili wauane. Barua inasema kipande hicho ndicho kinachokumbukwa kuliko risasi zote saba.

Masharti ni haya: jina moja, mashahidi wawili waliokuwepo siku hiyo, na fomu ifike kabla ya Ijumaa tarehe 20. Baada ya hapo filamu itatolewa bila jina, kama ilivyokuwa mwanzo.

Katibu alieleza kwamba fomu ameshaijaza kwa jina la Bi. Obdulia Berenguel. Hakuona haja ya kuuliza, kwa sababu picha ya Bi. Obdulia, ya uso wake mwenyewe, imetundikwa ukutani humu tangu chama kianzishwe, yeye hukaa kichwani mwa meza kwenye chakula cha kila mwaka, na jina lake limo kwenye orodha ya kazi ya siku ile. Alipendekeza mashahidi watie sahihi, watu wanywe kahawa, waende zao.

Bi. Obdulia hakusema kitu. Katibu aliandika kwenye daftari lake kwamba ni unyenyekevu, baadaye akaja kuyafuta maneno hayo. Mwenyekiti naye aliichukua kalamu, akaizungusha vidoleni, akairudisha mezani. Bw. Oña aliuliza kama kalamu hiyo inauma.

KUMB. NA. 4/2004: MKONO ULIOMO PICHANI
Ndani ya bahasha mlikuwa na kanda ya video na picha moja kubwa iliyotolewa kwenye filamu iliyosafishwa. Ilizungushwa mezani. Wajumbe wote walikubaliana kwamba hawajawahi kuiona hivi, maana nakala tulizozizoea zimechakaa kiasi kwamba mjane ni doa jeusi tu lenye macho. Hapa nyuzi za mtandio zinahesabika. Mkono wa kushoto umeshika kamba ya kisima, na kidole gumba chake ni bapa, kucha imegawanyika mara mbili.

Picha ilipomfikia Bw. Oña, Bi. Visitación alikuwa anamwekea kikombe cha kahawa. Bw. Oña ni mtu aliyeishi kwa kuangalia mikono. Aliitazama picha, akautazama mkono uliokuwa bado kwenye kikombe, akairudia picha. Kila mtu hapa anajua kwamba Bi. Visitación alipondwa kidole na nyundo alipokuwa msichana, akiponda nyasi za kusokotea kamba.

Bw. Oña akasema, "Obdulia, hebu weka mikono yako hapa mezani."

Bi. Obdulia akaiweka yote miwili. Ni mikono mizuri, haina kasoro.

"Na wewe, Visi, wa kwako."

"Mimi nina kazi, Ceferino," Bi. Visitación alimjibu. "Kahawa inapoa."

Katibu anaweka kwenye kumbukumbu kwamba Mwenyekiti alikuwa anaangalia makaa.

Kisha Bi. Obdulia alisema, "Ni yeye. Mimi niandikeni mwongo, lakini huyu mwandikeni."

Bi. Visitación alimtaka wifi yake anyamaze. Bi. Obdulia alikataa, akasema amenyamaza vya kutosha. Mwenyekiti alimpa nafasi ya kueleza, na maelezo yake yalikuwa kama ifuatavyo.

Januari 1966 mume wa Bi. Visitación alifia kwenye machimbo ya marumaru. Bi. Visitación alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Akaingia eda, na eda ya kijiji chetu wakati ule ilihesabiwa kwa miaka: nguo nyeusi, madirisha yamefungwa kwa mbao, asionekane barabarani ila kwenda misani alfajiri, na sinema ndiyo usiitaje. Mama mkwe wake, marehemu Bi. Tránsito, aliweka kiti mlangoni akakikalia yeye mwenyewe. Macho yake yalikuwa mabovu lakini masikio yalikuwa mazima.

Agosti wakaja watu wa filamu, wakamchagua Bi. Obdulia uwanjani na kumwandika kwenye orodha yao. Walimwambia aje na nguo nyeusi. Hakuwa nazo, ndiyo akaenda kuziazima kwa wifi yake. Bi. Visitación alimwambia nguo hazitoki bila yeye.

"Nilidhani anatania," Bi. Obdulia alisema. "Nikamwangalia. Miezi minane hajaona jua, rangi yake kama unga. Nikamwambia haya, twende hivyo hivyo, Mungu atatusamehe."

Wakafanya hivi. Bi. Obdulia aliingia nyumba ile asubuhi akiwa amejifunika mtandio hadi puani, kwa heshima ya nyumba iliyofiwa. Baada ya muda mtandio ule ule ukatoka, ndani yake akiwemo Bi. Visitación, na Bi. Tránsito akamwambia, "Nenda salama, Obdulia." Bi. Obdulia wa kweli alibaki chumbani, madirisha yamefungwa, mwezi wa Agosti, akisali rozari kwa sauti ya wifi yake ili kikongwe asikie kuna mjane ndani. Siku tatu, kutwa nzima. Anasema alimaliza mafungu yote ya rozari na kuyarudia hata hakumbuki mara ngapi, na kwamba tangu hapo Mama wa Mungu hana deni naye.

Bi. Casilda alicheka, akaomba radhi, akacheka tena. Mwenyekiti alimruhusu.

Bw. Oña hakucheka. Alisema kwamba yote hayo ni mazuri, lakini chama hiki kina kazi moja tu, nayo ni kurudisha jina kwa mwenye sura, na hapa ndani yake mmeketi mtu aliyekaa na sura ya mwenzake miaka ishirini na miwili, akipewa kiti cha kichwani mwa meza. Alikumbusha kwamba mikono yake yeye imegawa karata katika filamu sita, sifa zote akapewa mwigizaji aliyekuwa hajui hata kuzichanganya, na hadi leo hajaletewa barua. Alitoa hoja kwamba Bi. Obdulia avuliwe uanachama na picha ishushwe leo leo.

Bi. Obdulia aliulizwa kama ana la kujitetea. Alisema chama kilipoanzishwa, Bi. Tránsito alikuwa bado hai, na wajumbe ndio waliomfuata na orodha, wakachukua na picha yake. Angekana, wangeuliza aliyekuwa ndani ya mtandio ni nani. Bi. Tránsito alifariki mwaka 1989. Baada ya hapo alitaka kusema kila mwaka. "Nisiwadanganye tena. Nililizoea jina hilo la mjane. Watu wakinipisha mlangoni nilifurahi. Hilo kosa ni langu, si la Visi."

KUMB. NA. 5/2004: MAELEZO YA BI. VISITACIÓN USERO
Mwenyekiti alitoa ruhusa kwa mwalikwa kuzungumza. Bi. Visitación aliweka birika chini, akafuta mikono kwenye aproni, akasema kwa ufupi. Alisema hakwenda kule kuigiza. Alikwenda kuota jua. Mwongozaji, Mwitaliano, alimwambia kupitia mkalimani asifanye lolote, asimame tu, naye akaona hakuna kazi rahisi kama hiyo duniani, akasimama. Hakujua zimepita dakika nne. Angeachwa angesimama mpaka jioni.

Bi. Casilda aliuliza kama alijipenda alipojiona kwenye filamu. Alijibu kwamba hajaiona. Ilipoonyeshwa hapa mwaka uliofuata, kwenye ukuta mweupe wa ghala, alikuwa bado ndani ya eda. Alilala kitandani gizani akisikiliza.

"Nikasikia risasi, farasi, watu wanapiga kelele," alisema. "Halafu kukawa kimya, kijiji kizima kimya. Nikajua, sasa ndiyo mimi."

Baada ya hapo, kila ilipokuja kwenye televisheni, alijikuta ana vyombo vya kuosha.

Kuhusu hoja ya Bw. Oña alisema hivi: kama wifi yake atafukuzwa, au picha yake itaguswa, basi jina lake yeye lisiandikwe popote, filamu iende bila jina. Alisema amekaa miaka thelathini na saba bila jina na hajapungua kilo. Bi. Obdulia alimsihi asifanye hivyo. Wakabishana kwa sauti ya chini, kila mmoja akimsukumia mwenzake fomu, mpaka Bi. Obdulia akalia. Katibu alishindwa kuandika yote na haoni kwamba ilikuwa kazi yake kuyaandika.

Ikabaki kwamba zimesalia siku mbili tu kabla ya Ijumaa, na ndani ya chumba hiki hapakuwa na jina la kutuma.

Bw. Oña aliomba nafasi. Wajumbe walijiandaa. Lakini alieleza, safari hii kwa maana halisi ya neno hilo, kwamba baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, na mama yake alikaa eda miaka saba, madirisha yamefungwa. "Mimi nimezaliwa humo gizani. Nimejifunza karata humo, kwa kuzipapasa. Angetokea mtu hata mmoja akamkalia mama yangu ndani siku tatu ili yeye atoke nje." Hakumaliza. Aliondoa hoja yake, akaomba iandikwe kwamba aliiondoa mwenyewe bila kushinikizwa. Imeandikwa.

KUMB. NA. 6/2004: MASHAHIDI
Katibu alikumbusha kwamba bila mashahidi wawili waliomwona Bi. Visitación siku ile, fomu haina maana. Akauliza nani alimwona.

Mwenyekiti alisema alimwona.

Alieleza kwamba siku zote tatu alikuwa ameshika nyumbu anayeonekana nyuma ya kisima. Siku ya pili mwanamke yule alimwomba maji, akainua mtandio kunywa. "Akanitazama, akaniambia, 'Ginés, hujaniona.' Nikamwambia sijakuona."

Bw. Oña alimuuliza, "Miaka thelathini na saba, bwana? Hata kwa mkeo, Mungu amrehemu?"

"Hakuniambia ni mpaka lini," Mwenyekiti alijibu.

Katibu anaandika kwamba Mwenyekiti ameongoza vikao vyetu miaka yote akiwa ameketi chini ya picha ile, na hakuna siku aliyoonyesha dalili. Katibu amewahi kusema, na hata kuandika, kwamba Mwenyekiti ni mtu asiyeweza kutunza siri ya chakula cha jioni. Anayafuta.

Shahidi wa pili hakupatikana mara moja. Bw. Oña hakuwepo siku hiyo, Bi. Casilda alikuwa nyuma ya kilima na bata. Ndipo Katibu, ambaye kazi yake ni kuandika ya wengine, alipolazimika kuandika ya kwake. Siku ile Katibu alikuwa maiti, hatua nne kutoka kisimani. Daima ameeleza kwamba hajui lolote la kipande kile kwa kuwa maiti hafungui macho, na amejivunia jambo hilo mbele ya vijana wengi. Ukweli ni kwamba alifungua jicho la kushoto. Mwongozaji alipiga kelele kuuliza ni maiti gani imepepesa, na Katibu alinyamaza, akaadhibiwa mwingine. Kamera ilipozimwa na kila mtu kukimbilia kivulini, alifungua lile jicho tena. Mwanamke alibaki peke yake juani. Alishusha mtandio mpaka mabegani, akafumba macho, akauinua uso wake juu. Katibu alikuwa kinyozi wa kijiji hiki na alizijua sura za watu wote. Alimjua. Akajiambia kwamba ni jua limemchanganya, kwa sababu kusema alichokiona kungekuwa kusema kwamba aliona.

Katibu anaomba radhi kwa Bi. Visitación, kwa chama, na kwa Bw. Fulgencio Cazorla, ambaye ndiye maiti iliyofukuzwa kazi siku ile. Labda ndiyo sababu anapendelea domino kuliko vikao vyetu.

Mwenyekiti alimgeukia Bi. Visitación akamwambia kwamba mashahidi wapo, ila yeye binafsi hawezi kutia sahihi kinyume na ahadi. Bi. Visitación alimwangalia kitambo.

"Haya, Ginés," alisema. "Sasa umeniona."

Mwenyekiti akachukua kalamu.

KUMB. NA. 7/2004: MAAZIMIO
Kwa kauli moja kamati iliazimia:
(a) Fomu ya zamani ichanwe na mpya itumwe kesho asubuhi, ikiwa na jina Visitación Usero. Aliulizwa kama liandikwe pamoja na "mjane wa" fulani, kama ilivyo kwenye karatasi zake nyingi. Alisema hapana, hilo moja lisimame lenyewe.
(b) Bi. Visitación aandikishwe mwanachama kuanzia Agosti 1966, ingawa wakati huo chama hakikuwepo. Mweka Hazina alisema ataona namna.
(c) Picha ya Bi. Obdulia isishushwe. Chini yake paandikwe: "Aliigiza mjane siku tatu ndani ya chumba kilichofungwa, bila kamera, na hakuna aliyemtambua." Hoja ilitolewa na Bw. Oña, ambaye alisema kwamba katika chama hiki hajui uigizaji uliotajwa kidogo kuliko huo. Bi. Obdulia alikubali, kwa sharti la kukalia kiti cha pembeni kwenye chakula cha mwaka huu. Bi. Visitación alisema watakaa kiti kimoja kimoja kila upande wa kichwa cha meza, hapo katikati ikae mikate.

KUMB. NA. 8/2004: MENGINEYO
Bi. Casilda alileta televisheni ya dukani na mashine ya kanda. Alimuuliza Bi. Visitación kama anataka kuona au ana vyombo vya kuosha. Bi. Visitación aliangalia mlango wa jikoni, akavuta kiti, akaketi. Bi. Obdulia aliketi karibu naye akamshika mkono, ule wa kushoto.

Kanda ilipelekwa mbele hadi kisimani. Mwanamke akatokea, ameshika kamba. Mchana wa Agosti ulionekana mweupe, na juu ya mtandio macho yake hayakuwa yanatazama wale wanaume wala bunduki zao. Yalikuwa yanatazama juu kidogo, mbali. Tumeiona filamu hii mara nyingi na tumewaeleza watu wengi kwamba mjane yule anawadharau wauaji. Hakuwa na habari nao. Upepo ukatikisa mtandio, ukamfunua shavu kwa nukta chache tu, kisha ukamfunika tena. Nyuma yake nyumbu alitikisa sikio. Upande wa kulia kuna maiti, na Katibu hataki kuzungumzia jicho lake.

Hakuna aliyezungumza kwa dakika zote nne. Zilipokwisha risasi zikaanza, na Bi. Casilda akazima.

Bi. Visitación aliendelea kuangalia kioo kilichozimwa. Hakulia. Alisema, kama mtu anayezungumza na jirani yake dirishani:

"Ni mtoto. Obdulia, umemwona? Mtoto kabisa yule. Na walimfungia ndani."

Bi. Obdulia alisema amemwona.

KUMB. NA. 9/2004: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti aliuliza kama kuna jingine. Hakuna aliyekuwa nalo, wala aliyeinuka. Saa moja na dakika kumi jioni ilibidi kikao kifungwe kwa sababu Bi. Casilda alikuwa na unga wa kukanda, na wajumbe waliondoka wawili wawili.

Ginés Úbeda
MWENYEKITI

Indalecio Capel
KATIBU

Tarehe: 18 Februari 2004